Tunamlinda kaa aliyekwisha kuondoka

Mwezi uliopita nilisimama kwenye banda la makuti la mnunuzi wa kaa, kando ya hori moja mkoani Tanga. Kwenye nguzo palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: HATUPOKEI KAA MWENYE MAYAI. Chini ya karatasi hiyo mnunuzi alikuwa amechuchumaa, akichambua kaa koko waliofungwa magando. Kila jike aliyemshika alimbonyeza kwa kidole gumba pale nyuma, gamba linapokutana na tumbo, kisha akachungulia kwenye ufa uliojitokeza. Akiona wekundu, kaa yule alikwenda kwenye tenga la peke yake, tenga la bei ya juu. Nilimuuliza wekundu ule ni kitu gani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni kitu gani, akasema ni mayai.

Hakuwa mnafiki. Alikuwa anatumia neno moja kwa vitu viwili, kama tunavyofanya sote. Karatasi ilizungumzia mayai ya nje, yanayoshikamana chini ya tumbo la kaa kama bonge la sponji. Kidole gumba kilitafuta mayai ya ndani, yaliyojaa chini ya gamba na ambayo hayajatagwa. Kaa ni yule yule. Kati ya mayai haya na yale pana majuma machache na safari ya baharini. Msimamo wangu ni kwamba pwani yetu inamlinda kaa jike akiwa mahali ambapo wawindaji wa mikokoni hawamfikii, na inamvua pale pale anapojiandaa kwenda huko. Katazo la kaa mwenye mayai ya nje ni jema, na asitokee mtu akaninukuu kwamba nataka liondolewe. Lakini kwa kaa koko, katazo hilo pekee ni komeo tunalolitia mlangoni ilhali mwenye nyumba keshapitishwa dirishani.

Namzungumzia kaa koko kwa kuwa ndiye mwenye soko. Jina lake la kitaalamu ni Scylla serrata, na aliingia kwenye maandishi ya sayansi kupitia Peter Forsskål, mtafiti aliyefariki Yemen mwaka 1763. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1775 na mwenzake wa safari, Carsten Niebuhr. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama kaa wa kundi hili ni wa aina moja au zaidi, mpaka mwaka 1998 walipotenganishwa kuwa aina nne. Ubishi huo si wa maktabani tu. Huyu wetu wa Afrika Mashariki ni Scylla serrata, ilhali miongozo mingi ya ufugaji inayotoka Asia imeandikwa kwa ajili ya jamaa zake, ambao tabia zao za kuzaa si lazima zilingane na zake. Anayenakili mwongozo bila kuuliza ni wa kaa gani, anaweza kujikuta analinda mnyama wa watu wengine.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayetaka kumjua kaa sharti ampindue. Chini ya tumbo pana kifuniko kilichokunjwa, ambacho kwa hakika ndicho mkia wa kaa ulioviringwa kwa ndani. Kwa dume ni chembamba, kimechongoka kama ncha ya mkuki. Kwa jike mchanga ni pembetatu pana kidogo, yenye rangi ya kupauka. Kwa jike aliyepevuka ni duara pana lililokolea rangi, lenye nywele pembezoni, nalo hufunika karibu upana wote wa kifua. Ukikifungua kifuniko cha jike utakuta jozi nne za vijiguu vyenye nywele ndefu laini. Dume ana jozi mbili tu, na kazi yake ni kupitisha mbegu. Vile vijiguu vya jike ndivyo vyumba vya kulelea watoto. Lakini siku vinapokamilika bado ni vitupu, na vitabaki vitupu kwa muda.

Hukamilika kwa mkupuo mmoja, pale jike anapojivua gamba la usichana. Kujivua gamba, msemo ambao siasa zetu ziliuazima hadi ukachakaa, kwa kaa ni jambo la kufa na kupona: kwa muda anabaki laini, hana gando la kujitetea wala gamba la kujifichia. Siku kadhaa kabla ya hapo mwili wake huachia majini kemikali inayomwita dume. Dume humkumbatia chini ya kifua chake, akatembea naye hivyo mpaka gamba livuliwe. Humpanda akiwa laini, kisha akaendelea kumlinda mpaka gamba jipya likaze. Mbegu hazitumiki siku ile. Jike huzihifadhi kwenye vifuko maalumu ndani ya mwili kwa miezi, na kwa akiba hiyo aweza kurutubisha zaidi ya mkupuo mmoja wa mayai bila kukutana tena na dume.

Baada ya hapo ndipo linapoanza jambo ambalo mnunuzi wa Tanga analijua kwa kidole gumba. Jike hula kwa bidii: konokono, chaza, kaa wadogo. Chakula hicho hugeuzwa kuwa kiini cha mayai ndani ya ovari, ambayo hubadilika kutoka weupe kuwa manjano, kisha rangi ya chungwa iliyoiva, na kutanda chini ya gamba hadi ikakaribia kulijaza. Mayai hayo hayajarutubishwa bado. Ni akiba ya shibe ya majuma mengi, imewekwa tayari kwa safari. Na hapa ndipo anapoiacha mikoko.

Kwa nini asitage hapo hapo, kwenye mizizi ya mikoko na matope aliyoyazoea? Sababu ni chumvi. Kaa mzima huvumilia maji ya hori, yanayokuwa na chumvi leo na kuwa karibu baridi kesho baada ya mvua za masika. Mtoto wake anayetoka yaini, lava aitwaye zoea, hana uvumilivu huo. Anahitaji maji yenye chumvi iliyokaribia ile ya bahari kuu, na maji yaliyozimuliwa na mto humuua. Kwa hiyo mama huwapeleka watoto kwenye maji yao kabla hawajazaliwa. Mwaka 1994 mtafiti B. J. Hill alichapisha taarifa za majike wa aina hii hii walionaswa na meli za kamba kaskazini mwa Australia. Wenye mayai ya nje walipatikana hadi kilomita 95 kutoka pwani, kwenye vina vya mita 10 hadi 60. Sasa mfikirie mwindaji wetu wa kaa, anayeingia mikokoni maji yakipwa, ufito wenye kulabu mkononi, akipapasa shimo moja baada ya jingine kwenye matope. Kaa mwenye mayai ya nje atakutana naye kwa nadra sana. Sheria inamkataza kumchukua mtu asiyeonana naye.

Huko kwenye kina, jike hujifukia kwenye mchanga kwa ajili ya kutaga. Mayai hutoka kwa vitundu viwili kifuani baada ya kukutana na mbegu zilizohifadhiwa, nayo humiminika kwenye mfuko unaotengenezwa na kifuniko cha tumbo na mchanga ulio chini yake. Kila yai lina upana wa takriban sehemu tatu za kumi za milimita. Ganda lake la nje hunata, likavutika na kujiviringisha kwenye nywele za vijiguu, mpaka kila unywele ukawa kama kamba iliyotungwa shanga. Wenye vituo vya kutotolea kaa walijifunza umuhimu wa mchanga kwa hasara: jike akiwekwa kwenye tangi lenye sakafu tupu, mayai mengi hushindwa kushika, yakaanguka na kuoza. Mchanga ule ndio kitanda cha uzazi. Asipoupata, zile shibe za majuma mengi zinamwagika bure.

Idadi ya mayai hayo humfanya msikilizaji ashike kichwa. Kaa mwekundu wa kisiwa cha Christmas, katika Bahari ya Hindi, hubeba hadi mayai 100,000. Kaa koko hubeba milioni kadhaa kwa mkupuo mmoja. Nitarudi kwenye mamilioni hayo, maana yamepotosha watu wengi. Kwanza tuangalie kazi ya kuyabeba, ambayo wengi huidhani ni ya kukaa tu na kungoja.

Bonge la mayai lina tatizo ambalo yai moja halina. Yaliyo nje huoga maji mapya. Yaliyo katikati yamezungukwa na maelfu ya ndugu wanaovuta oksijeni ile ile. Nchini Chile, Miriam Fernández na wenzake walipima oksijeni ndani ya bonge la kaa aitwaye Cancer setosus, wakakuta katikati yake ni haba, na kwamba jike hupigapiga kifuniko chake ili kusukuma maji ndani ya bonge, akizidisha kadiri viinitete vinavyokua na kuhitaji hewa zaidi. Kaa koko naye hufanya kazi ya namna hiyo. Husimama kwenye ncha za miguu, akafungua kifuniko na kuyapepea mayai. Hupitisha ncha za miguu katikati yake, akiyachambua, akiondoa yaliyokufa na uchafu kabla kuvu haijaenea. Wakati huo chakula chake hupungua sana. Anaishi kwa akiba aliyokuja nayo kutoka mikokoni, na anaitumia kwa kupumulia kwa niaba ya wengine.

Rangi ya bonge ndiyo saa ya kazi hiyo. Siku za mwanzo ni rangi ya chungwa inayong'aa, kwa sababu yai limejaa kiini. Kiinitete kinavyokula kiini hicho na kuota macho meusi, bonge hugeuka kuwa hudhurungi, kisha kijivu cha kukaribia weusi. Katika maji ya joto la nyuzi 28 hadi 30 kazi yote huchukua takriban siku kumi hadi kumi na mbili; maji yakipoa, siku huongezeka. Mvuvi anayetupa kaa mwenye bonge jeusi akidhani mayai yameharibika, anatupa mayai yaliyobakiza siku moja au mbili tu kuanguliwa.

Na kuangua nako kuna utaratibu unaostahili kupewa nafasi. Ingekuwa kila yai linapasuka kwa wakati wake, watoto wangetoka kwa kudondoka, siku tatu mfululizo, huku samaki wamepanga foleni. Hawatoki hivyo. Richard Forward na Dan Rittschof wa chuo kikuu cha Duke nchini Marekani walionyesha kwa kaa mdogo wa milango ya mito, Rhithropanopeus harrisii, kwamba mayai ya kwanza kupasuka huachia vipande vidogo vya protini. Mama akivinusa huanza kupiga kifuniko kwa nguvu. Kupiga huko hupasua mayai mengine, nayo huachia harufu zaidi, naye akazidi kupiga. Kwa muda mfupi bonge zima limekwisha. Kwa kaa huyo watoto ndio wanaobisha hodi, na mama ndiye anayefungua mlango. Huko Japani, Masayuki Saigusa alikuta kwa kaa wa nchi kavu aitwaye Sesarma haematocheir kwamba mama ndiye mwenye ratiba: mayai yaliyotengwa naye mapema, zaidi ya siku mbili hivi kabla ya wakati, yalipoteza mpangilio wa kuanguliwa kwa pamoja. Kwa namna moja au nyingine, mama na mayai ni chombo kimoja. Ukiwatenganisha, saa inasimama.

Zoea wakishatoka huelea na mkondo. Huyu wa kaa koko hupita hatua tano za zoea, akijivua gamba kila hatua, kisha hatua moja ya megalopa, mwenye umbo la nusu kaa nusu kamba, ambaye huanza kurudi ufukweni. Kutoka yaini hadi kaa mdogo wa kwanza, mdogo kama punje ya mchele, ni takriban mwezi mmoja wa kuliwa na kila mwenye kinywa. Wanaofika mikokoni ndio mbegu ya mashimo ya mwaka ujao.

Sasa tuyaangalie mazoea ya kifikra yanayotuponza. La kwanza ni hilo la mamilioni. Nimelisikia kwa wavuvi, kwa wafanyabiashara, hata kwa maofisa: kaa mmoja anazaa mamilioni, hata wakibaki wachache watatosha. Hesabu yake ni ya kinyume. Ili idadi ya kaa isipungue wala kuongezeka, kila jike, kwa maisha yake yote na mikupuo yake yote, anahitaji wastani wa watoto wawili tu wafikie umri wa kuzaa, mmoja wa nafasi yake na mmoja wa nafasi ya dume. Kama anataga milioni tatu na bado idadi haipandi, maana yake karibu wote hufa. Mamilioni yale yanatupimia ukubwa wa hatari. Mnyama anayelazimika kukata tiketi milioni tatu za bahati nasibu ili apate ushindi mara mbili, ukimpunguzia tiketi hujamwachia ziada, umemnyang'anya ushindi.

La pili ni kukwangua. Zipo sehemu ambako jike mwenye mayai ya nje akinaswa, bonge hukwanguliwa kwa kisu au brashi na kutupwa majini, kisha kaa akauzwa kama jike wa kawaida. Anayefanya hivyo hujifariji kwamba amerudisha mayai baharini. Msomaji aliyefuatana nami mpaka hapa anajua kilichotokea: mayai yamekosa wa kuyapepea, wa kuyachambua na wa kuyapigia kifuniko saa ya kuangua. Yatazama, yatashikwa na kuvu au kuliwa. Wakaguzi nao wajifunze kuangalia nywele za vijiguu. Zilizokwanguliwa huacha mabaki ya nyuzi za mayai, na kifuniko hubaki na alama za kukwaruzwa.

La tatu linahusu mwezi. Imani kwamba kaa wote huzaa mbalamwezi ina chembe ya ukweli iliyovimbishwa. Kaa wadogo wa mikokoni, wale ambao dume ana gando moja kubwa la kupungia, huachia watoto usiku wa bamvua, maji yanapoanza kupwa, ili mkondo wenye nguvu uwatoe horini kabla jua halijawafichua kwa samaki. Kaa mwekundu wa Christmas hufanya kinyume kuhusu bamvua: hushuka pwani robo ya mwisho ya mwezi, wakati wa maji mafu, pale tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, akaachia mayai alfajiri maji yanapogeuka. Kila mmoja amesoma maji kulingana na mahali anapokaa. Kaa koko, ambaye tayari yuko mbali kwenye kina, hana hori la kutoka. Ukiweka marufuku ya usiku wa bamvua mikokoni kwa nia ya kulinda kuangua kwake, umelinda tukio linalofanyika kwingine.

La nne linatoka kwa watu wa miradi: tufuge, tusihangaike na wa porini. Ninaupenda ufugaji, lakini tuite vitu kwa majina yake. Kinachofanyika sehemu kubwa ya pwani yetu ni unenepeshaji. Kaa mwembamba au mchanga huokotwa mikokoni, akafungiwa kwenye vizimba, akalishwa mpaka auzike. Kutotoa watoto kutoka mayai hadi kaa kamili kunawezekana kitaalamu, ila ni kazi ngumu na ya gharama: zoea hufa kwa wingi wanapobadilisha gamba, na wakishakuwa na magando hulana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo kila kizimba kinachonenepesha bado kinategemea jike fulani aliyefika baharini. Na pale unenepeshaji unapolenga kumjaza jike wekundu ili apate bei, kizimba chenyewe kimekuwa mtego uliowekwa njiani kwake.

Tufanye nini? Watakaosema tuwakataze watu kuvua majike kabisa hawasemi jambo la ajabu. Jimbo la Queensland, Australia, limekataza kuchukua kaa koko jike yeyote, na dume lazima afikie upana wa sentimita 15. Lakini Queensland haina mama wa kijijini anayelipa karo kwa tenga la kaa, na marufuku isiyoweza kusimamiwa hufundisha watu ujanja tu. Mfano unaonivutia zaidi ni wa ghuba ya Chesapeake nchini Marekani, kwa kaa wa buluu, ambaye jike wake naye huteremka kuelekea mdomo wa ghuba ili kuzaa. Mwaka 2008 majimbo ya Maryland na Virginia yalikubaliana kupunguza uvunaji wa majike kwa takriban theluthi moja, na Virginia ikasimamisha uvuvi wa majira ya baridi uliokuwa ukiwakokota majike waliojifukia chini ya matope. Miaka iliyofuata idadi ya kaa ilipanda. Imepanda na kushuka tena tangu hapo, kwa kuwa bahari haina mkataba na mtu. Ila somo limebaki: hawakungoja jike awe na bonge ndipo wamhurumie. Walimlinda tangu njiani.

Kwetu ningeanza na kifuniko cha tumbo. Kanuni ya uzito au upana pekee haitoshi, maana jike aliyepevuka na aliyejaa ndiye anayepita kipimo hicho kwa urahisi, tena ndiye mwenye bei. Kifuniko kipana kilichokolea rangi kinaonekana kwa jicho, gizani hata kwa kidole, wala hakihitaji mizani. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, ambavyo Kenya na Tanzania zote zinavyo, vingeweza kukubaliana kwamba kwa miezi fulani jike mwenye kifuniko hicho harudi na mtu nyumbani. Ni miezi gani? Katika maji yetu ya joto kaa aweza kuzaa wakati wowote, lakini kuna vipindi vya wingi, na wanaojua vipindi vya hori lao ni wale wanaoingia humo kila siku ya maji kupwa. Daftari la mistari minne linatosha: tarehe, madume wangapi, majike wachanga wangapi, majike wapevu wangapi. Mwaka mmoja na nusu wa daftari hilo, uliopita kusi na kaskazi, una thamani kuliko warsha kumi.

Pili, tusimamie kwa mnunuzi, tusimkimbize mwindaji. Wawindaji ni wengi na mikoko ni mikubwa. Delta ya Rufiji peke yake humeza mtu. Wanunuzi wa kila hori wanahesabika kwa vidole. Bei ndiyo iliyowafundisha watu kutafuta wekundu, na bei ndiyo itakayowafundisha vinginevyo. Mnunuzi akilipa vizuri dume mnene mwenye magando makubwa, na mwenye hoteli akijua kwamba nyama nyingi imo kwenye magando hayo, jike mpevu atapungua thamani bila askari yeyote. Hapo pia tuwe waangalifu: tukiwamaliza madume wote wakubwa, wasichana wa kaa watajivua gamba bila wa kuwakumbatia. Kipimo cha chini cha dume lazima kiende sambamba.

Tatu, tuache milango ya hori wazi. Uzio na nyavu za kutega zinazoziba mlango kutoka ukingo hadi ukingo humkamata jike akiwa ameshika njia, baada ya kazi yote ya kula na kabla ya kazi yote ya kuzaa. Kuacha upenyo upande wa kina, hasa bamvua, ni gharama ndogo kwa mwenye mtego. Nne, tuangalie huko anakokwenda. Kwenye maeneo ambako nyavu za kukokota zinatumika kuvua kamba, kama ghuba ya Ungwana nchini Kenya, kaa mwenye mayai ya nje hupanda melini, na ndipo katazo la karatasi linapopata kazi yake halisi: arudishwe majini akiwa hai na bonge lake, na aandikwe, kina gani na tarehe gani. Na wanaonenepesha nao wana njia ya kulipa deni: katika kila kundi la majike waliojaa wekundu, wachache wapelekwe mlangoni mwa hori maji yanapopwa, wafunguliwe magando, waende. Anayechukua mbegu shambani kwa mwenzie hurudisha kibaba.

Sisemi haya kama mtu asiyekula kaa. Nimekulia kwenye nyumba ambayo wekundu ule uligawiwa kwa umri, mkubwa kwanza, na nilipofika zamu yangu nikaulamba hata kwenye kingo za gamba. Sikujua nilikuwa nakula safari ya mtu. Sasa najua, na ule utamu haujapungua. Kilichobadilika ni kwamba naweza kuuhesabu.

Kabla sijaondoka Tanga niliomba kuiona ile karatasi kwa karibu. Mnunuzi aliniambia aliandika mwenyewe, baada ya kuhudhuria mafunzo, na alikuwa na fahari nayo. Sikutaka kuibandua. Niliomba kalamu nene ile ile tu, na kwa ruhusa yake nikaongeza mstari chini: MPINDUE. KIFUNIKO KIKIWA KIPANA NA KIMEKOLEA, MAYAI YAKO NDANI. Aliusoma mara mbili, akaligeukia tenga la bei ya juu, akamtoa kaa mmoja na kumpindua juu chini. Alimtazama kwa muda. Kisha akamrudisha tengani, kwa sababu gari la kwenda mjini lilikuwa limekwisha kupiga honi, na kwa sababu hakuna aliyemwambia nani atamlipa kwa kumwachia. Swali hilo la malipo ndilo ambalo kanuni zetu hazijalijibu, na mpaka zitakapolijibu, jike yule ataendelea kusafiri kwa barabara.